Theluji Juu ya Mbuga: Uhakiki wa Istilahi za Kijitabu cha Pikipiki ya Miguu Minne

Miongoni mwa maandishi yaliyoletwa mezani petu kuthibitishwa mwaka uliopita, kimo kijitabu kimoja cha maelekezo ya pikipiki ya miguu minne, kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wafanyakazi wa utafiti wa madini katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Hatutamtaja mwenye kijitabu wala mfasiri wake, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si ya mtu mmoja. Ni makosa ya desturi ambayo sisi wenyewe katika ofisi hii tumeshiriki kuijenga. Kijitabu hicho tulikisoma mara mbili. Mara ya kwanza tulikisoma ofisini, kamusi zikiwa mkononi, na tukakiona kuwa ni kazi ya kusifika: tahajia ni safi, upatanisho wa kisarufi hauna dosari, na kila istilahi ya Kiingereza imepatiwa mwenziwe. Mara ya pili tulikisoma mwezi Machi, mvua zikiwa hazijakoma, katika gereji ya chini ya mwembe njiani kati ya Kahama na Geita, fundi akiwa amechuchumaa mbele yetu na pikipiki yenyewe ikiwa imelazwa ubavu. Hapo ndipo tulipokiona kijitabu kwa jicho jingine.

Kijana aliyekuwa akiiendesha pikipiki ile, mpeleka sampuli za udongo, alikuwa amevunjika mtulinga siku tisa kabla ya sisi kufika. Kwa majuma mawili kabla ya kuanguka alikuwa akimlalamikia fundi kwamba mbele inagoma kona: akikata usukani, chombo kinaendelea mbele kama kwamba hakikuambiwa neno. Fundi, ambaye ni mtu makini na anayejua kusoma, alifungua jedwali la hitilafu mwishoni mwa kijitabu. Alikuta hitilafu inayofanana na ile aliyoambiwa, nayo imeitwa "usukani pungufu". Akaelewa kama mtu yeyote ajuaye Kiswahili angalivyoelewa, kwamba usukani una upungufu. Akaufungua, akaupaka grisi, akakaza boliti zake, akarudishia. Usukani haukuwa na kasoro yoyote tangu mwanzo.

Yafaa tueleze jambo lenyewe kabla ya kulihukumu neno. Chombo chochote chenye magurudumu kinapokata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma yote huhitaji kuishika ardhi. Yakiteleza ya mbele kabla ya yale ya nyuma, chombo hunyoosha na kutoka nje ya kona. Yakiteleza ya nyuma kwanza, sehemu ya nyuma hupita nje, na chombo hugeuka zaidi ya dereva alivyotaka. Kiingereza kimeziita hali hizi mbili kwa majina yanayotokana na usukani, kana kwamba mmoja umepunguka na mwingine umezidi. Wahandisi wenye lugha yao hawapotezwi na majina hayo, maana wamekwisha fundishwa kwamba tatizo aghalabu lipo kwenye mshiko wa matairi. Mfasiri wetu alichukua umbo la jina akaacha mafunzo yaliyolizunguka. "Usukani pungufu" na "usukani zaidi" ni majina yanayomtuma fundi mahali pasipo ugonjwa.

Tena kijitabu hakikuwa na msimamo. Katika sura ya saba hali hiyo hiyo ya kwanza imeitwa "kusukuma", kwa sababu waendeshaji wa Kiingereza nao wana neno lao la mtaani lenye maana hiyo. "Pikipiki ikisukuma kwenye barafu," kinasema kijitabu, "punguza mafuta." Tulimwomba fundi atueleze sentensi hiyo. Alifikiri, akasema, "Mwalimu, hapa nadhani injini ina nguvu kupita kiasi, inamsukuma mtu." Hatukuwa na la kumjibu.

Sababu halisi ya ajali, kadiri sote wawili tulivyoweza kuichunguza, ilikuwa katika matairi ya mbele, na hapa tunakutana na istilahi ya pili. Matairi ya pikipiki ya miguu minne ni mapana na laini, nayo hutaka upepo kidogo mno: aghalabu pauni 3 hadi 7 kwa inchi mraba, hali tairi la gari dogo hutaka 30 au zaidi. Ulaini huo ndio unaoliwezesha tairi kujilaza juu ya ardhi na kuishika kwa upana wake. Likijazwa kama la gari huvimba katikati, likagusa ardhi kwa ukanda mwembamba tu, na juu ya utelezi likawa kama ukingo wa sahani. Kijitabu kimelieleza jambo hili kwa ukamilifu, ila kimelieleza chini ya kichwa "Shinikizo la Tairi". Kwa wasomaji wengi wa Shinyanga, shinikizo ni lile la damu ambalo daktari hulipima, au ni lile anabanwa nalo mtu afanye asilolipenda. Lile lililomo ndani ya tairi huitwa upepo. Fundi wa pancha husema "jaza upepo", dereva husema "upepo umepungua", na mtoto mwenye baiskeli husema vivyo hivyo. Ukurasa wenye kichwa hicho haukuwa na alama hata moja ya kidole chenye grisi, wakati kurasa za injini na klachi zilikuwa zimechakaa. Fundi wa pancha wa jirani alijaza matairi yale kwa mazoea ya gari. Kipimo chake, hata kama angalitaka, kinaanzia pauni 10, kwa hiyo hakina namna ya kuonyesha 5.

Watakuwapo watakaotukumbusha kwamba fizikia ya shuleni ina neno lake, kanieneo, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Tunalikubali na tunalipenda. Ni neno lililoundwa kwa akili, na linabeba maana yake waziwazi kwa mwanafunzi. Mahali pake ni darasani na katika hesabu. Halijafika chini ya mwembe, na kijitabu cha kuzuia mtu asivunjike mfupa si mahali pa kulifikisha kwa mara ya kwanza.

Sasa tuje kwenye hiyo sura ya saba, ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Inaitwa "Kuchunguza Matatizo ya Uendeshaji Juu ya Theluji na Barafu", nayo ni ndefu kuliko sura nyingine zote isipokuwa ile ya injini. Chombo hiki kilienea kwanza Amerika ya Kaskazini. Kile cha miguu mitatu kilianza kuuzwa huko mwaka 1970, na cha miguu minne kikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kile cha miguu mitatu kiliacha kuuzwa Marekani mwaka 1988 kwa sababu ya wingi wa ajali zake. (Bajaji na guta za kwetu, ingawa nazo ni za miguu mitatu, ni vyombo vya jamii nyingine, na msomaji asizichanganye.) Katika nchi zile theluji huwapo miezi kadhaa kila mwaka, na mtengenezaji hana budi kuieleza. Mfasiri alikuwa na njia mbili zilizo wazi. Angeweza kuitafsiri sura yote, au angeweza kuiacha kwa hoja kwamba Geita hakuna theluji. Alichagua ya kwanza, na alipoulizwa alijibu kwamba kazi ya mfasiri ni uaminifu. Waliomlaumu walisema alipaswa kuchagua ya pili. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimekosea, kwa kuwa hakuna upande uliouliza sura ile inasema nini hasa.

Lugha yetu ina maneno mawili ya kigeni kwa vitu hivi, na yote mawili yalikuja kwa bahari. Theluji ni Kiarabu. Barafu ni Kiajemi, na kwa Waajemi wenyewe maana yake ni theluji. Sisi tulilipokea neno tukalipa kazi nyingine. Si kwamba kitu chenyewe hakikuwapo. Mmisionari Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, aliyekuwa akimwongoza njia alimwambia kwamba ule weupe ni "baridi", na wataalamu wa Ulaya walibishana kwa miaka kama Rebmann aliona kweli au alidanganywa na macho. Mwongoza njia yule alikuwa amefanya kazi ya istilahi vizuri kuliko wengi wetu: alikitaja kitu kwa lile kinachomfanyia mtu.

Tukiisoma sura ya saba kwa jicho hilo, tunaona kwamba haizungumzii theluji hata kidogo. Inazungumzia mambo matatu: ardhi ngumu iliyofunikwa na ute mwembamba wa maji, ardhi laini yenye kina ambayo gurudumu huzama, na kitu kinachoingia ndani ya gurudumu na mitambo kikaganda humo. Yote matatu yapo Shinyanga na Geita kuanzia Novemba hadi Mei.

Wasukuma wameugawa udongo wao kwa majina tangu zamani, kwa kufuata mteremko kutoka kilimani hadi bondeni. Juu kabisa, penye mawe, ni luguru. Chini yake ni luseni, mchanga mwepesi. Kisha itogolo na ibambasi, ardhi iliyoshupaa. Na chini bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mtaalamu wa udongo G. Milne, aliyekuwa na kituo chake Amani, aliueleza mfuatano wa namna hii mwaka 1935 kwa istilahi ya Kilatini yenye maana ya mnyororo, na istilahi hiyo hufundishwa hadi leo katika vyuo vya kilimo duniani kote. Kinachosikitisha ni kwamba Kiswahili Sanifu, chenye nyumba yake katika nchi hii hii, kimelichukua neno mbuga likabaki na maana ya uwanda wa nyasi, na siku hizi zaidi na zaidi maana ya mahali pa wanyama na watalii. Mwanafunzi wa Maswa husoma neno moja kitabuni akalikanyaga jingine shambani.

Udongo wa mbuga hunywa maji na kuvimba, na ukikauka hupasuka nyufa anazoweza kuingiza mkono mtu mzima. Mvua ya kwanza ikiupiga, uso wake hulowa kwa kina cha ukucha tu, nao chini umebaki mgumu kama sakafu. Dereva wa Kahama ajuaye hali hiyo hahitaji kuelezwa barafu ni nini. Katika vitabu vya mitambo tairi juu ya lami kavu hupewa mshiko wa 0.7 au zaidi, na juu ya barafu hupewa karibu na 0.1, na kinachoifanya barafu iteleze vibaya zaidi inapokaribia kuyeyuka ni ule ute wa maji juu ya kitu kigumu. Ndiyo hali ya mbuga saa ya kwanza ya mvua. Ikinyesha siku tatu mfululizo, mbuga hugeuka: gurudumu huzama, tope hujaa katikati ya meno ya tairi, na tairi huwa kama gogo lililopakwa mafuta. Hiyo ndiyo theluji ya kijitabu. Maagizo nayo ni yale yale. Kwenye ute mwembamba, punguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake, fungua kufuli ya difu ya mbele ikiwa imefungwa, maana magurudumu ya mbele yakilazimishwa kuzunguka sawasawa hung'ang'ania kwenda mbele. Kwenye tope la kina, usiache magurudumu yazunguke bure, kwa kuwa yatachimba.

Kuhusu difu tuongeze neno. Pikipiki nyingi za namna hii hazina difu nyuma. Ekseli ni moja, na magurudumu mawili huzunguka pamoja. Ikiwa upepo wa tairi moja umezidi wa jingine, tairi moja huwa kubwa kidogo, na chombo huvuta upande. Mafundi wote tuliozungumza nao walilijua tatizo la "kuvuta", na wote walilitafuta kwanza kwenye tairodi. Kijitabu kinalo jibu, lakini kimeliita tatizo hilo "mpeperuko wa kiupande". Hatufahamu neno hilo lilikotoka, na tumelitafuta.

Jambo la tatu ndilo lililotufurahisha. Katika nchi za theluji, theluji hujipakia ndani ya gurudumu, usiku ikaganda, na asubuhi pikipiki ikaanza kutetema kwa kuwa gurudumu limeelemewa upande mmoja. Katika mbuga, tope hujipakia vivyo hivyo, usiku likakauka, na asubuhi pikipiki ikatetema. Fundi wetu alikuwa amewahi kubadilisha beringi za pikipiki mbili kwa sababu hiyo, spea zikiwa ghali, wakati dawa yake ilikuwa kijiti cha kukwangulia. Na Kiswahili kinalo tayari neno moja linalotosha kwa hali zote mbili. Maji huganda yakawa barafu, na tope huganda kwenye ukuta. Damu huganda, na kupe huganda. Sentensi ya kijitabu isemayo "angalia barafu iliyoganda ndani ya gurudumu" ingeweza kuandikwa "angalia kilichoganda ndani ya gurudumu", ikawa kweli Alaska na ikawa kweli Msalala. Mfasiri alikuwa ameushika ufunguo mkononi mwake bila kujua.

Makosa mengine ni madogo, japo baadhi yake yanachekesha. Magurudumu ya mbele hupangwa yakaelekea ndani kidogo au nje kidogo, na Kiingereza hulieleza jambo hili kwa mfano wa vidole vya mguu. Kijitabu kinamwagiza fundi "apime kidole cha ndani". Mwenzetu mmoja ofisini alipendekeza matege. Tulilijadili kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili, tukaona kwamba matege ni kupinda kwa magoti na wala si mwelekeo wa nyayo. Kwa hiyo latufaa pale gurudumu linapoinama upande likitazamwa kwa mbele, na hapo tumelipokea kwa mikono miwili. Kwa lile la kwanza tumebaki na "mwelekeo wa ndani" na "mwelekeo wa nje", ambayo hayana uzuri wowote lakini hayampotezi mtu. "Mchezo huru" wa viungo vya usukani tumeufuta tukaandika "ulegevu". Na jina la chombo chenyewe, ambacho kijitabu kimekiita "chombo cha ardhi zote" kana kwamba kinamilikiwa na wizara, tumelirudisha kwa wenyewe: ikiwa guta ni pikipiki ya miguu mitatu katika vinywa vya watu wote, hii ni pikipiki ya miguu minne.

Tunajua tutakavyojibiwa. Katika kikao chetu cha kwanza mjumbe mmoja tunayemheshimu alisema kwamba "kugoma kona" na "kutupa mkia", istilahi tulizozipendekeza mahali pa "usukani pungufu" na "usukani zaidi", ni lugha ya vijiweni, na kwamba baraza likizipitisha litakuwa limekabidhi kazi yake kwa madereva wa bodaboda. Hoja hii haifai kupuuzwa. Si kila lisemwalo gerejini ni istilahi. Fundi yule yule huita vitu vitatu tofauti kwa jina moja la "bushi", na angefurahi kupewa majina matatu. Lakini taratibu zetu wenyewe za kuunda maneno zinaagiza tuanze na Kiswahili, kisha tuende kwa lugha za Kibantu jirani zake, ndipo tuvuke maji. Kwa njia hiyo tulipata kung'atuka kutoka Kizanaki, na hakuna aliyelalamika kwamba ni neno la kijijini. Kugoma ni Kiswahili; kona imekwisha kuwa Kiswahili; na maneno mawili hayo yakiwekwa pamoja yanasema lililotokea na mahali lilipotokea. Tumeyawekea fasili ili yasitangetange: kugoma kona ni hali ya magurudumu ya mbele kupoteza mshiko kabla ya yale ya nyuma, chombo kikaendelea mbele ingawa usukani umekatwa, kutupa mkia ni hali ya magurudumu ya nyuma kupoteza mshiko kwanza, sehemu ya nyuma ikapita nje. Mjumbe wetu aliikubali fasili, akaendelea kuyakataa maneno. Suala litarudi kikaoni.

Nasi tuna lawama yetu. Orodha za istilahi tulizokuwa tukizitoa tangu baraza lilipoundwa mwaka 1967 zimepelekwa wizarani, vyuoni na kwa wachapishaji. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na kwa miaka yote hiyo mitambo imekuwa ikiingia na vijitabu vyake; lakini hatukumbuki safari hata moja ya ofisi yetu kwenda kusikiliza gereji kabla ya hiyo ya Machi, na hiyo yenyewe ilitokea kwa kuwa gari letu lilikwama.

Kijitabu tumekirudisha kwa wenyewe bila muhuri. Tumeambatanisha sura ya saba iliyoandikwa upya, yenye kichwa "Kuendesha Kwenye Utelezi na Tope", ambamo theluji imetajwa mara moja tu, katika utangulizi, ili msomaji ajue maarifa haya yalitoka wapi. Minyororo ya theluji tumeiacha kama minyororo, kwa kuwa wapo madereva wanaoifunga kwenye matairi wakati wa tope. Ukurasa wa upepo tumeomba upelekwe mwanzoni, uchapwe kwa herufi kubwa, na uambatane na picha ya kipimo kinachoanzia pauni 1.

Lipo pengo moja ambalo hatujaliziba. Ule ute wa saa ya kwanza ya mvua, mbuga ikiwa imelowa juu na kukauka chini, hatuna jina lake. "Utelezi" ni neno pana mno, kwa kuwa hata sakafu yenye sabuni ina utelezi. Tuliuliza Kahama, Katoro na Nyarugusu, tukapewa maneno matano, mawili kati yake ya Kisukuma, na waliotupa walikuwa wakibishana wao kwa wao tulipoondoka. Tunawaomba walimu wa mikoa ya Shinyanga, Geita, Simiyu na Mwanza, pamoja na wakufunzi wa vyuo vya VETA, watuandikie neno linalotumika kwao, wakitaja kijiji, lugha, na kama neno hilo hutumiwa pia kwa kitu kingine chochote. Tungependa barua zifike kabla ya mvua za Novemba.